Dawa ya Ndama

Kendra Vavra alikuwa na sababu mbili za kuogopa asubuhi ile, na ya kwanza ilikuwa ya aibu tu. Wiki mbili nyuma alikuwa ameanguka mtihani wa vitendo wa uuguzi kwa sababu ya meno yake.

Si kwamba yalikuwa mabovu. Yalikuwa mazima, na ndiyo yaliyomponza. Mbele ya Bi Marlys Bruntz, mwalimu ambaye hajawahi kuonekana akitabasamu siku ya mtihani, Kendra alinawa mikono vizuri, akasoma jina la mgonjwa, akavuta dawa kwa kipimo chake, kisha akaipeleka sindano mdomoni. Akang'ata kifuniko cha plastiki, akakichomoa, akabaki nacho katikati ya meno huku mkono wake wa pili ukitafuta msuli kwenye bega la sanamu. Hata hakujua alichofanya mpaka alipotaka kumwambia yule mgonjwa wa plastiki kwamba atasikia mchomo kidogo, maneno yakagoma kutoka.

Mtu yeyote aliyelelewa kwenye ranchi za ng'ombe kule vilima vya Sandhills angemwelewa. Ndama amebanwa langoni, mkono mmoja umemshika shingo, wa pili una sindano, na wewe uniambie kifuniko utakipeleka wapi. Kendra alikuwa akichanja ndama tangu yuko darasa la tatu. Meno yalikuwa mkono wake wa tatu, na mkono huo ulikuwa haujawahi kumwangusha.

"Vavra," Bi Bruntz alisema, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mdomo si mahali pa kuweka vifaa. Umeanguka. Una nafasi moja tu iliyobaki, na ukiikosa, kwa sababu yoyote ile, umetoka darasani."

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alipopita dukani kununua chakula cha farasi, mzee mmoja pale kwenye kaunta alimnyooshea chupa. "Kendra, nifungulie soda hii, mama. Nasikia chuo kinafundisha." Wote wakacheka, na yeye akacheka nao, kisha akalia kidogo ndani ya pikapu.

Tangu siku ile alikuwa ameapa kwamba hakuna kitu cha kazi kitakachoingia mdomoni mwake, awe darasani, jikoni au zizini. Hata kalamu aliacha kuing'ata. Miaka minane alikuwa amewaogesha na kuwageuza wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee pale mjini, mpaka mgongo ukaanza kumlilia. Kisha akasoma, akapata leseni ndogo, ile ya kugawa vidonge na kufunga vidonda chini ya macho ya mwingine. Sasa ilibaki hatua hii ya mwisho, awe muuguzi kamili. Hospitali ya mji ilikwishamwambia kwamba wodi ya wazazi inamsubiri. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye.

Sasa sababu ya pili.

Mtihani wa marudio ulikuwa saa nne. Alfajiri, kabla hajavaa hata sare, baba mkwe wake, Mzee Leland, aligonga mlango wa jikoni akiwa na theluji mabegani. Ndama watatu walikuwa wanakohoa na vichwa wameviinamisha. Trent, mume wa Kendra, alikuwa safarini kufuata majani makavu.

"Nisaidie hawa watatu tu, halafu uende ukawe daktari," Leland alisema.

"Muuguzi, Baba."

"Hayo hayo. Ilimradi usimng'ate mtu."

Dawa ya kikohozi cha ndama ilikaa kabatini peke yake, kwenye rafu ya juu. Leland hakuwa mtu wa kuogopa vitu, lakini chupa ile aliishika kama anashika nyoka. Kwa ndama inaokoa mapafu. Kwa binadamu inashika moyo. Maandishi kwenye chupa yalisema hivyo waziwazi, na kulikuwa na mfugaji mmoja upande wa kaskazini ambaye alichomwa nayo ndama aliporuka, akaanguka kabla hajaufikia mlango wa gari lake. Hilo kila mtu kule alilijua. Ndiyo maana dawa ile waliichoma wawili siku zote, hawakumwachia mtu mmoja.

Leland alikuwa mbele, akiwasukuma ndama waingie kwenye kibano, kile kichochoro chembamba cha kuwabania. Kendra alikuwa pembeni na sindano. Wa kwanza alikwenda salama. Kwa wa pili, Kendra alitoa kifuniko kwa vidole, kistaarabu, akakilaza juu ya ubao wa uzio, akachoma. Dawa ilipofika nusu ndama alijitupa, sindano ikachomoka, na sehemu ya dawa iliyobaki ikamwagika kwenye theluji. Kwa kawaida hapo kifuniko kingekuwa mdomoni, na sindano ingerudi ndani yake bila yeye kufikiri. Lakini Kendra alikuwa mwanafunzi mwema sasa. Alifanya kama Bi Bruntz alivyowafundisha: kifuniko kimelala, mkono mmoja tu, unakichota polepole kwa ncha ya sindano.

Ndama wa tatu akapiga teke lango. Ubao ukaruka. Sindano ikaingia kwenye paja la kulia la Kendra, juu kidogo ya goti.

Aliichomoa mara moja. Mchomo wenyewe ulikuwa mdogo, mdogo mno kuliko ilivyostahili. Alilitazama bomba. Lilikuwa limebaki na dawa kidogo chini, lakini alipojaribu kukumbuka lilikuwa na kiasi gani kabla ya teke, kumbukumbu haikuwepo. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kisukumio. Je, kilisukuma? Hakujua. 

"Vipi huko?" Leland aliuliza kutoka mbele, hajageuka.

"Salama, Baba." Sauti ilitoka yenyewe. "Kwa huyu wa mwisho mngojee Trent. Nachelewa."

Akaliangusha bomba kwenye ndoo, akaenda.

Kwa nini hakusema? Mimi namjua Kendra, na nakwambia si mjinga. Kichwani mwake sauti ya Bi Bruntz ilikuwa inasema "kwa sababu yoyote ile". Alijua kwamba akilitaja jambo hili tu, atawekwa kitandani, saa nne itapita, na miaka yote ile ya kuogesha wazee itakwenda na maji. Tena aliona jinsi watakavyosema dukani: wa meno huyo, sasa kajichoma dawa ya ng'ombe. Mtu anaweza kufa kwa kuogopa kuchekwa. Nimeona.

Kitu kimoja alikifanya sawasawa. Chupa ilisema barafu, basi alijaza theluji kwenye mfuko wa mkate, akavaa sare yake ya bluu iliyokolea, akauweka mfuko juu ya paja, akaendesha.

Barabara ya kwenda mjini ni ndefu na haina mtu. Vilima vya majani na theluji, uzio, kinu cha upepo, uzio tena. Simu haishiki mpaka uufikie mnara wa nafaka. Kendra aliliona hilo kwa mara ya kwanza kama jambo linalomhusu. Nikizimia hapa, aliwaza, watanikuta wale wanaopeleka barua. Akaweka vidole viwili shingoni. Moyo ulikuwa unakwenda mbio.

Hapo ndipo mateso yalipoanzia. Darasani alisoma kwamba sumu ya namna hii huufanya moyo ukimbie, kichwa kizunguke, tumbo lichafuke na mtu ajawe na wasiwasi mkubwa. Lakini hofu nayo hufanya hayohayo, yote, moja baada ya jingine. Kila alipopima alikuta moyo unakimbia, na kwa kukuta hivyo aliogopa zaidi, na kwa kuogopa moyo ulikimbia zaidi. Akajiambia ni woga tu. Kisha akajiambia kwamba yule mfugaji wa kaskazini naye huenda alijiambia hivyo. Mikono ilitoka jasho kwenye usukani ingawa kioo cha dirisha kilikuwa na barafu kwa ndani.

Chuo cha wilaya hakikuwa na jengo lake la uuguzi. Kilikuwa kimepanga ubavu wa zamani wa hospitali, na ukitaka kufika darasani ni lazima upite kwenye korido ileile yenye mlango wa chumba cha dharura. Kendra alipita hapo. Mlango ulikuwa wazi. Ndani muuguzi wa zamu alikuwa anapanga mashuka, akampungia mkono. Na Kendra, mtu mzima, mwenye akili zake, mwenye paja lililoanza kuwaka na kufa ganzi kwa pamoja, akapunga naye mkono, akaendelea kutembea.

Nje ya chumba cha mtihani alikaa Araceli, mwanafunzi mwenzake, ambaye zamani alikuwa anakata nyama kiwandani na bado alikuwa na mabega ya kazi hiyo. Alikuwa amekwisha kufaulu siku ya kwanza. Amekuja tu kumshika mkono shoga yake.

"Umekuja na meno yako? Ungeyaacha nyumbani kwenye glasi." Kisha akamtazama vizuri. "Kendra. Mbona mweupe hivyo?"

"Woga."

"Lete mkono." Araceli akamshika kifundo, akahesabu mapigo kichwani, maana siku hizi hakuhitaji hata kutazama saa. Uso wake ukabadilika. "Shoga, hii ni ya mtu aliyekimbizwa na fahali. Kunywa maji. Leo kwenye kantini kuna maharage ya pilipili na mkate wa mdalasini. Ukitoka humo nakununulia vyote viwili. Sawa?"

Kendra alikaribia kumwambia. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini mlango ukafunguliwa, na Bi Bruntz akaita jina lake.

Chumba kilikuwa na kitanda, sanamu, meza na mwalimu. Bi Bruntz alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, aliyefunga nywele za mvi nyuma kwa kibanio cha mtoto, maana mjukuu wake ndiye aliyemfunga asubuhi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Anza ukiwa tayari."

Kendra alinawa mikono. Maji yalikuwa ya moto, na kwa mara ya kwanza tangu zizini alihisi vidole vyake. Alimwuliza sanamu jina lake na tarehe ya kuzaliwa, akasoma bangili ya jina mkononi mwake, akauliza dawa zinazomdhuru. Akavuta dawa, akatoa mapovu. Kichwa kilikuwa chepesi. Kuta zilisogea kidogo, zikarudi. Akatoa kifuniko kwa vidole. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa nguvu mpaka taya zinauma. Akachoma, akachomoa, akaitupa sindano kwenye kopo jekundu, akamwuliza mgonjwa anajisikiaje. Hajawahi kufanya kitu vizuri namna ile maishani mwake, na muda wote alikuwa anajiuliza kama atakuwa hai kufikia chakula cha mchana.

Bi Bruntz aliandika kidogo. Akabaki ameshika kalamu.

"Swali moja. Muuguzi amejichoma mwenyewe na sindano. Anafanya nini?"

"Anaosha kwa maji na sabuni."

"Halafu?"

"Anatoa taarifa."

"Lini?"

"Papo hapo."

"Na kama yuko katikati ya jambo kubwa? Jambo ambalo hataki kulikosa?"

Kendra alifungua mdomo. Jibu la kitabu lilikuwa tayari, fupi, la kumpitisha. Aliitazama kalamu. Aliwaza, nikisema maneno mawili tu nimemaliza, natoka, nala mkate wa mdalasini. Moyo ukaruka pigo moja, ukakaa kimya, ukarudi kwa kishindo.

"Nimejichoma," akasema. "Asubuhi. Dawa ya ndama, ile ya kikohozi. Pajani. Sijui kiasi gani. Mwalimu, naogopa."

Bi Bruntz alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha. Hakukimbia, wauguzi wa zamani hawakimbii, lakini korido ile waliimaliza kwa namna ambayo Kendra hakuikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka tu mkono mkavu umembana chini ya kwapa, na Araceli nyuma akisema kitu kwa Kihispania, akikirudia.

Kwenye chumba cha dharura waliikata suruali yake. Wakambandika waya kifuani, wakamchoma mshipa, wakaweka barafu ya kweli mahali pa theluji iliyoyeyuka. Daktari wa zamu, kijana wa miwani, aliongea na watu wa kituo cha ushauri wa sumu kwenye simu moja na daktari wa mifugo kwenye nyingine, na daktari wa mifugo ndiye aliyekuwa akisema zaidi.

"Kiasi gani?" daktari alimwuliza tena.

"Sijui. Kweli sijui."

"Basi sikufichi. Hakuna dawa ya kuifuta hii. Tunauangalia moyo, tunausaidia ukichoka, tunasubiri. Ingekuwa vizuri ungekuja mapema."

Asubuhi Kendra alikuwa amepita mlangoni hapa. Alipunga mkono. Kendra aligeuza uso ukutani.

Walimpigia Leland. Alikwenda kwenye ndoo, akalitoa bomba, akarudi kwenye simu ya nyumbani akihema. Daktari aliweka sauti ya simu nje ili wote wasikie.

"Ninalo mkononi. Limebaki kama robo," Leland alisema. "Lakini na kwenye theluji kuna doa kubwa. Sijui lipi lilikwenda wapi." Akapaza sauti. "Kendra yupo hapo? Ananisikia?"

"Nakusikia, Baba."

"Nilikuwa nimesimama pale pale, mwanangu. Ungeniita tu."

 Kendra alimsikia mzee akivuta makamasi, halafu simu ikakatwa, na wote walijua kwamba pikapu ya zamani ilikuwa inawashwa.

Mchana ulikwenda polepole. Mashine ililia kwa mpigo wake, mara haraka, mara haraka zaidi. Mara mbili moyo ulijikwaa, na mara zote mbili nyuso zilizomzunguka ziligeukia kioo cha mashine kwa pamoja. Kendra alimwogopa kila aliyeingia, akamwogopa zaidi kila aliyetoka. Bi Bruntz hakutoka. Alivuta kiti, akakaa, akampima mapigo kwa vidole vyake ingawa mashine ilikuwa inampima, kama vile hakuiamini.

Jioni ilipokaribia moyo ulikuwa umepungua kasi kidogo. Daktari alisema kidogo ni kidogo, tusishangilie, usiku mzima bado upo.

"Mwalimu," Kendra akasema. "Lile swali. Kwenye mtihani wa Araceli na wengine, hakuna aliyenitajia swali."

"Halimo."

"Halimo?"

"Mtihani hauna swali. Uliingia unachechemea, na suruali imelowa paja moja. Ulikuwa mweupe kabla hujagusa chochote, na baba yangu naye alifuga ng'ombe, najua asubuhi ya zizini inavyoweza kumwumiza mtu. Sikujua ni nini. Nilijua kuna kitu."

"Na kama ningejibu tu?"

Bi Bruntz alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, hata kwa mgonjwa.

"Kazi ya mikono uliifanya sawasawa. Ningeweka alama. Ungefaulu," akasema. "Ungefaulu leo, ukapewa wodi ya wazazi, na siku moja ungempa mama fulani dawa isiyo yake, ukaogopa, ukanyamaza. Na mimi nisingejua kitu mpaka watu wazike."

Kendra alifumba macho. Hilo lilimtisha kuliko sindano, kwa sababu alijua jinsi lilivyokuwa karibu. Maneno mawili tu yangetosha.

"Nimetoka darasani?"

"Mtihani uliokatizwa na ugonjwa haujaisha. Utaumaliza ukiweza kusimama." Bi Bruntz akainuka, akanyoosha mgongo. "Na kwa kuficha asubuhi nzima, utaandika kila ulichofanya tangu zizini, na utasimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza uwasomee. Na meno usiyasahau. Wacha wacheke."

Akamwekea mkononi kitufe cha kuita.

"Naenda kunywa kahawa hapo mlangoni. Ukisikia chochote, bonyeza. Usikae kujiuliza kama ni woga au ni dawa. Hiyo kazi yetu."

Viatu vyake vikaenda vikilia kwenye sakafu. Kendra akabaki na mashine. Kifuani kitu kidogo kilipepesa, kama kope, kikaacha. Labda si kitu. Labda ni woga tu, na mwanamke yule hajapumzika wala kunywa maji tangu asubuhi, na ni aibu kumrudisha mtu kabla hajafika mlangoni.

Akabonyeza.

Viatu vikasimama, vikageuka. Bi Bruntz akarudi bila kuuliza, akavuta kiti, akamshika mkono.